Maji Yanayopanda Yenyewe

Kabula mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, kisha mwandishi hujisifu kuwa yeye hajambo ila ana wasiwasi na mwenzake. Hali yako sina haja ya kuiuliza. Asubuhi nimekuona kwa macho yangu ukimaliza viazi vitamu vya watu watatu, ukaondoka unaimba kwenda kumuaga bibi yako Old Shinyanga. Hali yangu utaikuta humu humu, ukiwa na subira.

Samahani kwa mwandiko. Mimi ndiye ninayewachapia watu wa mji huu barua zao za maombi ya kazi na kadi zao za harusi, na leo barua ya mwanangu mwenyewe naiandika kwa kalamu inayovuja. Kompyuta iko hapa mbele yangu, kifuniko kimefunguliwa, na sitaki kuiwasha. Sababu iko mbele. Usirukie mwisho, nakujua.

Habari za kufua nguo, kula kwa wakati na kumsaidia shangazi yako vyombo sitaziandika. Nimekusemesha hayo wiki nzima mpaka baba yako, kabla hajaondoka na lori la pamba, akaniuliza kama nakupeleka chuo cha kompyuta Dar es Salaam au nakuoza. Leo nataka kukujibu swali lako, maana kesho unapanda treni na sipendi uondoke nalo begani.

Mwaka huu umeniuliza mara tatu: tuipoze kompyuta kwa maji, au tuendelee na feni? Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilisema nitafikiria, na kwa lugha ya mama yeyote hiyo ni hapana. Ya tatu tunaikumbuka wote wawili.

Haki yako nakupa: swali lilikuwa la maana. Hiyo kompyuta ndiyo ofisi yetu, na kila mwaka, kuanzia Septemba mpaka mvua inyeshe, ikifika saa nane mchana chini ya bati letu, inagoma. Mstari uliokuwa unaandika unabaki hapo hapo, unabonyeza wee, haitikisiki. Tunasema imeganda. Sijaona neno la uongo kama hilo: mashine inachemka mpaka huwezi kuishika ubavu, nasi tunasema imeganda. Mchimbaji katoka Geita na karatasi zake za kuomba kitalu, kakaa kwenye benchi tangu saa nne, na mimi namwambia rudi kesho, imeganda. Tulisafisha vumbi kwa brashi ya rangi. Tulifungua kifuniko, mjusi akaingia akafia humo. Tulileta feni ya mezani, ikatupulizia vumbi lote la barabarani. Nililowesha khanga nikaitundika dirishani, wateja wakauliza kama kuna msiba. Mwishowe tukawa tunafunga saa saba, na nusu ya siku ikawa inapotea hivi hivi.

Ndipo yule mtafiti wa madini aliyekuja kuchapisha ripoti zake akasahau gazeti lake la kompyuta kwenye benchi. Ukalisoma mpaka likachanika. Ukanionyesha picha ya kijana wa Ulaya aliyepitisha maji ndani ya kompyuta yake kwa pampu ya tangi la samaki, nami nikadhani ni pambo la sebuleni. Ukanitafsiria aya kwa aya. Kisha ukachora wa kwetu, kwenye karatasi ya daftari la hesabu: kikasha cha shaba juu ya ile chipu inayochemka, bomba la friji mbovu, pampu ya kurushia maji kioo cha gari, na hita iliyong'olewa kwenye gari bovu pale gereji. Hita ya gari, kifaa ambacho tangu dunia iumbwe hakuna mtu wa Shinyanga aliyewahi kukiwasha. Uliniambia, "Mama, hatimaye itapata kazi." Nilipaswa kucheka.

Badala yake nikasema, "Maji na umeme? Unataka kuniua kabla hujaondoka?"

Ukasema, "Maji yanapita bombani, mama. Hayamwagiki."

"Maji yote humwagika."

"Basi tujaribu kwanza bila kuwasha."

Hapo nikasema lile neno. Nikasema, "Wewe kazi yako ni kuharibu na kuondoka."

Ulikunja mchoro wako mara nne, ukautia kwenye kikapu cha karatasi mbovu, ukachukua ufagio ukafagia ofisi iliyokuwa imeshafagiwa. Ulipokwenda kuoga niliutoa. Ninao hapa.

Sababu nilizokupa zilikuwa za kweli. Kompyuta ni moja, ikifa hapa hakuna wa kuifufua, na wewe hutakuwepo. Lakini, Kabula, mtu anaweza kusema ukweli mtupu na bado akawa anaficha. Sababu yenyewe ina umri mkubwa kuliko wewe, na haina uhusiano na kompyuta.

Unajua kwamba usichana wangu niliupitia kwenye kijiji kimoja jirani na Runzewe, kwa mjomba. Nilikuambia nilikuwa nauza karanga. Karanga niliuza mwezi mmoja tu, nikizila zaidi ya kuziuza. Kazi yangu ilikuwa kwenye mashine ya kusaga. Mwenye mashine alikaa Kahama, akija kila Jumamosi. Fundi wa injini alikuwa kijana anaitwa Masanja, mpole, mrefu, anayeongea na ile injini kuliko anavyoongea na watu. Nami nilikuwa mtu wa maji.

Injini ile ya dizeli ilipozwa kwa pipa. Pipa lilisimama juu ya matofali, limeinuka kuliko injini, na mabomba mawili yakiviunganisha, moja la juu na moja la chini. Hakukuwa na pampu. Maji yakipata moto ndani ya injini yanapanda yenyewe kwa bomba la juu, yanaingia pipani, yanapoa, yanashuka kwa bomba la chini, yanaingia tena. Siku nzima yanazunguka hivyo bila kusukumwa na mtu. Sharti lilikuwa moja tu, na ndilo nililopewa mimi: maji yasishuke chini ya bomba la juu. Yakishuka, mzunguko unakatika na injini inabaki na moto wake. Kwa hiyo kila asubuhi na kila mchana nilikwenda lamboni na ndoo kichwani, nikajaza pipa. Nilikuwa na miaka kumi na saba na shingo ngumu, kwa maana zote mbili.

Siku hiyo ilikuwa Jumamosi, kiangazi, mavuno yamekwisha, na jioni kulikuwa na ngoma. Vikundi viwili vilikuwa vinashindana na kila msichana mwenye macho alikuwa anakwenda kuangalia, na kuangaliwa. Nilikuwa na gauni moja la njano. Lambo lilikuwa limepungua, foleni ndefu, nikapata ndoo tatu tu. Ndoo mbili nikafulia gauni na kuoga. Nikajiambia pipa litavumilia, lilivumilia jana.

Masanja alikuwa amekwenda kula ugali. Akinamama wamejipanga na mahindi yao, injini inasaga, mimi natundika gauni kwenye kamba nyuma ya banda. Nikasikia sauti ya injini imebadilika, imekuwa nzito. Nikakimbia ndani, nikakuta mvuke unatoka kila mahali. Ile injini ilikuwa kavu, na mimi nikafanya kile ambacho mtu yeyote mwenye ndoo angefanya akiona kitu kinaungua. Nilichukua ndoo ya tatu nikamimina yote kwa mkupuo.

Ilisema "ta", mara moja, kama bakuli la udongo linalopasuka jikoni. Halafu ikanyamaza. Chuma cha moto hakipewi maji ya baridi kwa pupa, kinapasuka. Kila mtu anayekaa na mashine za kusaga analijua hilo, hata mimi nilikuwa nimeambiwa siku ya kwanza.

Mwenye mashine akafika alasiri akakuta kichwa cha injini kina ufa wa kuingia ukucha. Akauliza, "Nani amemwaga maji?"

Nikasema, "Masanja aliniambia nimwage."

Masanja alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga. Akaniangalia. Kisha akaangalia nyuma yangu, kupitia nafasi ya mbao, kule kambani ambako gauni la njano lilikuwa linadondosha matone. Alielewa kila kitu, nilimwona akielewa. Akasema, "Ndiyo, mzee. Nilimwambia." Akafukuzwa palepale. Akafunga spana zake kwenye gunia, akalipakia kwenye baiskeli, akaondoka bila kunisemesha.

Na ngomani nilikwenda, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikwenda, na gauni lilikuwa limekauka vizuri.

Sikukaa tena karibu na mashine ya kusaga. Nilirudi Shinyanga, nikajifunza taipu, na watu wakanisifu kuwa nina akili za ofisini. Hawakujua kuwa nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haichemki. Kisha dunia ikaniletea kompyuta inayochemka, na mtoto niliyempa jina Kabula kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, na mtoto huyo akasimama mbele yangu akasema tutie maji. Ulikuwa unaongea habari za bomba la friji, mimi nilikuwa nasikia "ta".

Ngoja nikuambie na la pili, maana ni la karibu zaidi na wewe umelibeba bila kulilalamikia. Unakumbuka ile mitihani ya shule ya msingi, ulipokuwa na miaka kumi na tatu? Ulibonyeza usipopajua ukaifuta yote, kurasa nilizozichapa kwa siku mbili. Hukukimbia. Ulikuja ukasimama mbele yangu ukasema, "Mama, nimeifuta, ni mimi." Maneno manne matano ambayo mama yako akiwa na miaka kumi na saba hakuweza kuyasema. Nami nikakupigisha magoti pale ofisini, mbele ya wateja, mpaka yule mwalimu aliyekuja kuichukua mitihani yake akaniomba nikuinue.

Tangu siku hiyo hukuniambia tena ulipoharibu kitu. Printa ilivunjika mguu nikaukuta umegandishwa kwa gundi. Kikombe changu cha chai kilipotea kikarudi kikiwa na rangi nyingine kidogo. Nilijisifu kwamba mwanangu amekuwa mwangalifu. Hukuwa mwangalifu zaidi, ulikuwa umeacha kuniambia, na mwalimu wako wa jambo hilo alikuwa mimi. Nisamehe. Nimetaka kukuambia hivyo ana kwa ana, lakini kila nikifungua mdomo linatoka neno la kufagia uwanja.

Sasa nikiri na uongo wa juzi juzi. Ile siku niliyosema nakwenda Kahama kununua karatasi, nikarudi kesho yake bila karatasi, nikakuambia zimeadimika. Karatasi zilikuwepo tele. Nilipita Kahama bila kushuka, nikaenda mpaka Runzewe, na mchoro wako kwenye pochi. Nilikuwa nimesikia kwa dereva mmoja rafiki wa baba yako kuwa pale kuna fundi anaitwa Masanja, ana mashine yake mwenyewe.

Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa ameinamia injini anaiongelesha, nywele zimekuwa nyeupe. Nikasema, "Shikamoo, kaka Masanja."

Akageuka. "Marahaba." Akaniangalia kwa muda, akafuta mikono. "Mbuke wa maji," akasema, kisha akanijulia hali kwa Kisukuma: "Mhola?"

Watu wa hapa mjini wananiita Mama Kabula, wateja wananiita mama wa kompyuta. Jina la Mbuke sikuwa nimelisikia kinywani mwa mtu asiye ndugu kwa zaidi ya miaka ishirini. Sikusubiri kupewa kiti. Nikamwambia pale pale, injini inanguruma na akinamama wanasikiliza: "Kaka, ulifukuzwa kwa ajili yangu. Maji nilifulia gauni. Hukuniambia nimwage. Nilisema uongo."

"Najua," akasema. "La njano."

"Kwa nini hukusema?"

Akazima injini kwanza. Akasema, "Mbuke, mimi nilikuwa nimekwenda kula ugali nikakaa kupiga soga muda mrefu. Fundi mwenye akili haachi injini na msichana siku ya ngoma. Kosa lilikuwa la wawili. Halafu wewe ungepigwa ukarudishwa kwa mjomba na jina baya, mimi ningefukuzwa tu. Mtu akifukuzwa, ufundi wake haufukuzwi, unaondoka naye."

"Ulinichukia?"

"Kama mwaka mmoja hivi." Akacheka. "Nilikwenda Geita kuchimba, nikakuta mashimoni kuna mambo ya kuchukia zaidi yako."

Nililia, Kabula, nikiwa nimekalia gunia la pumba, na unga ukanishika usoni nikawa kama nimepikwa. Mkewe akaniletea maji ya kunawa. Nilipomaliza kunawa nikamtolea mchoro wako, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Ungemwona. Alivaa miwani yenye mkono mmoja, akaugeuza mchoro huku na huku, akauliza kila kisanduku ni nini. Nikamweleza kama ulivyonieleza, chipu, kikasha, hita, bomba. Hakuwahi kuona kompyuta kwa karibu, lakini alielewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi kwa miezi minne. Akaniambia, "Watu wanadhani maji yanameza moto. Hayamezi, yanaubeba tu. Mwishowe ni hewa inayoupokea. Mtoto wako ameona vizuri: anauondoa moto ndani ya boksi lenye vumbi, anaupeleka dirishani kwenye upepo."

Nikamuuliza kama ni salama.

"Feni ukiisahau, inakukasirikia polepole. Maji ukiyasahau, unajua yanavyofanya. Ukiweka maji lazima awepo mtu wa kuyaangalia." Akanitazama juu ya miwani. "Yupo?"

Nilijua anachouliza. Nikasema yupo.

Kisha akaweka kidole chake cheusi kwenye pampu yako. "Hii hapana. Hii ni ya kutemea kioo mate, ikifanya kazi kutwa itaungua. Na ikiungua, nani atajua?" Akaniuliza, "Pipa letu lilikuwa na pampu?"

Mwanangu, nilikuwa nimekaa na jibu miaka yote hiyo, nimelifungia pamoja na aibu yangu, sikujua lina kazi. Pipa letu halikuwa na pampu. Ukiiweka hita juu kuliko chipu, na mabomba yote yakipanda bila kona ya kushuka, maji ya moto yatapanda yenyewe na ya baridi yatashuka yenyewe. Nilichukua kalamu ya Masanja, nikaifuta pampu yako. Nikachora kopo juu ya hita, la kujazia maji, na kamstari ndani yake: yasishuke hapa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuchora kitu kwenye kazi yako badala ya kukikosoa.

Tulikaa hadi jua likachwa. Alikata shaba, akakunja kikasha kidogo kama kiberiti, akakiunga kwa risasi ya kuyeyusha, akakitia maji akakigeuza juu chini mara kumi. Nikataka kumlipa, akakataa, akasema aletewe picha ya hiyo mashine ikiwa imewaka. Asubuhi wakati wa kuagana nikasema wabeja, ile asante yetu, naye akanijibu mhola, nikacheka peke yangu kwenye basi. Unajua nilivyokugombeza kila ukisalimiwa na wenzako unajibu "poa". Nikasema ni lugha ya wahuni. Na kumbe sisi Wasukuma tunaulizana jambo hilo hilo tangu zamani. Mhola, umepoa? Nimepoa tu. Kwa hiyo semeni poa, nimeshindwa kesi.

Leo ulipoondoka nilifunga ofisi, nikaweka tangazo kuwa kuna msiba mdogo, nikaanza kazi. Hita nimeitundika dirishani kwa waya, juu ya meza. Kopo ni lile la maziwa ya unga. Maji ni ya mvua, yale ya pipa la bibi, nimeyachuja kwa kitambaa. Kwenye kompyuta sijagusa kitu zaidi ya kifuniko. Kama ulivyosema wewe, tujaribu kwanza bila kuwasha. Kwa hiyo nimechukua pasi ya mkaa, nikaiacha ipoe mpaka ikawa ya kupigia hariri, nikakiweka kikasha cha shaba juu yake, na chini ya kila kiungo nikatandaza gazeti la jana.

Kwa muda hakikutokea kitu. Nikasema basi, Masanja amezeeka na mimi nimechanganyikiwa. Kisha nikashika bomba la juu, likawa vuguvugu. Nikashika la chini, baridi. Nikangoja, nikashika tena, la juu limekuwa la moto na la chini bado baridi. Yalikuwa yanazunguka, Kabula. Hakuna aliyeyasukuma. Nilikaa chini na mkono wangu pale bombani kama mtu anayepima mapigo ya mgonjwa, na nilifurahi kuliko siku nilipoinunua hiyo kompyuta.

Jibu langu, basi, ni ndiyo. Tuipoze kwa maji. Mimi ndiye nitakayekaa na kopo, asubuhi na mchana, maji yasishuke chini ya mstari, na safari hii sina gauni la kufua.

Lakini siiwashi mimi. Kufunga kikasha juu ya chipu na kubonyeza swichi ni kazi ya aliyeibuni, na treni ya kesho, tukiijua tabia yake, itatupa muda wa kutosha. Inawezekana ikafa. Inawezekana tone moja likashuka mahali pasipotakiwa, na mimi nikabaki na taipu yangu ya zamani iliyoko chini ya kitanda, nayo bado inaandika. Ikifa, imekufa mbele yetu wote wawili, na hatutamtafuta Masanja wa kumsingizia.

Na huko uendako utapasua vitu. Mtu anayejaribu hupasua. Labda mashine ya chuo, labda mtihani, labda moyo wako mwenyewe, na hilo la mwisho usidhani mimi ni mgeni nalo. Sikuombi uwe mwangalifu. Nakuomba uniandikie kikiwa bado cha moto, kabla hujatafuta gundi. Andika maneno yale yale ya zamani: mama, ni mimi. Sitakupigisha magoti. Nitapanda treni nikiweza, na nisipoweza nitakaa hapa ofisini niisome barua yako mara mbili, ya kwanza kwa hasira na ya pili kama mama, na nitakujibu baada ya ile ya pili.

Nasikia geti la jirani, itakuwa wewe. Pasi imeshapoa, maji yametulia. Nimeinua gazeti nikalipapasa lote, kona hadi kona, kisha nikalipapasa tena kwa shavu, maana viganja vya mchapaji haviaminiki.

Ni kavu. Njoo uwashe.

Mama yako,
Mbuke wa maji